Muacheni kwanza asome Kiswahili, hizo "said" na "was" zitakuja

Kama una mtoto wa miaka mitano sita hivi na anasoma hizi shule zetu za Ingilishi midiamu basi ile karatasi unaijua. Inakuja imekunjwa ndani ya begi, juu imeandikwa maneno ya wiki, chini the, said, was, come, they, you, na maelekezo kwamba mtoto ayakariri, akiyaona tu ayaseme, asihangaike na herufi mojamoja. Na wewe umetoka kazini, foleni ya Mbagala imekumaliza, unakaa nae mezani unamwonyesha said, anaisoma kwa sauti bila wasiwasi: "Saidi". Unamwambia hapana mwanangu, hiyo ni "sed". Anakuangalia.

Anakuangalia kwa sababu kasoma sawa. Kwa kanuni anazozijua yeye s na a ni sa, i ni i, ile d kaipa irabu mwishoni maana maneno yote anayoyasikia nyumbani yanaishia na irabu, akapata Saidi, jina la watu, fundi baiskeli wa pale kona anaitwa hivohivo. Akili imefanya kazi yake yote. Alafu mtu mzima anaemwamini anamwambia sio, na hampi sababu, anamwambia tu kariri. Hapo ndo panaponiuma, kwa sababu mtoto akiambiwa hivo mara nyingi anaacha kuunganisha herufi kabisa, anaanza kubahatisha kwa kuangalia herufi ya kwanza na uso wako.

Mimi sio mwalimu, ni baba wa binti alie darasa la kwanza, ila hili jambo la kusoma limenikaa moyoni, nimeuliza walimu, nimesoma nilichoweza, na jioni zetu nyingi zimeishia kwenye kadi za maboksi tulizozikata wenyewe. Na ninachoamini sasa ni kwamba mtoto anaeongea Kiswahili nyumbani asomeshwe Kiswahili kwanza mpaka asome kweli, irabu zimkae kichwani na mdomoni, alafu yale maneno ya Kiingereza yaingie, machache, na yaingie kupitia masikio sio macho peke yake.

Tuanze na hiyo karatasi yenyewe maana ina historia. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja Edward Dolch, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa orodha ya maneno 220 ambayo mtoto akiyajua kwa kuyaona tu atasoma kwa wepesi. Aliacha nomino makusudi kwa sababu nomino zinabadilika kulingana na habari inayosomwa, zile za kawaida 95 akaziweka orodha ya peke yake. Baadae Edward Fry nae akatoa ya kwake 1957 ambayo ilikuja kupanuliwa mpaka maneno 1000. Karatasi nyingi zinazoletwa nyumbani zimechotwa humo. Na sio orodha mbaya, nisieleweke vibaya, the na was na they ndo zimejaa kila ukurasa wa kitabu cha watoto cha Kiingereza, usipozijua hufiki popote.

Ila angalia alikuwa anawatengenezea kina nani. Mtoto wa Illinois alikuwa anaisikia said toka hajaanza kutembea, anaisema mwenyewe kila siku, sikio limeshiba, kilichobaki ni kumwonyesha inavyoandikwa. Mtoto wa Mbagala au wa Kihonda pale Morogoro anapewa vitu vitatu kwa mpigo: neno linavyoonekana, neno linavyotamkwa na neno lina maana gani, vyote vigeni, alafu anaambiwa Jumatatu awe nayo kichwani. Karatasi ni ileile, kazi sio ileile kabisa.

Sasa njoo kwetu. Mama yangu, bibi yake huyu binti, alijifunza kusoma akiwa mkubwa, kwenye yale madarasa ya kisomo baada ya Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alifundishwa a e i o u, akafundishwa ba be bi bo bu, na mpaka leo gazeti analisoma kwa sauti kubwa nyumba nzima inasikia. Kilichombeba bibi ni lugha yenyewe. Kiswahili kina irabu tano na kila irabu ina sauti yake moja, a ni a kwenye baba, ni a kwenye maziwa, ni a kwenye taa. Haibadiliki kwa sababu imekaa jirani na herufi fulani wala kwa sababu kuna herufi mwishoni. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwahiyo mtoto akishika irabu tano na konsonanti chache tayari ana maneno mengi mkononi, ana m na t na k tu anasoma mama, moto, keki, kuku, kama, meta, tamu.

Hiyo ndo hazina, yani mtoto anaonja kusoma mapema. Anaona kwamba haya maandishi yana akili, nikiyafuata yananipeleka kwenye neno ninalolijua. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wa nchi kadhaa za Ulaya, mwishoni mwa darasa la kwanza wanaosoma Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania, lugha ambazo herufi inatunza sauti yake, walikuwa wanasoma sawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza na Kiingereza ndo lugha yao, kama asilimia 34. Sio kwamba ni wazito, maandishi wanayopewa ndo magumu. Kiswahili hakikuwemo kwenye utafiti ule lakini kwa namna kinavyoandikwa kinakaa kundi moja na Kifini. Sasa mtu una lugha kama hiyo nyumbani unairuka unamwanzishia mtoto na ile ya asilimia 34, kwa nini?

Lakini kuna namna ya kuzifundisha hizo irabu na kuimba tu hakutoshi. Nimeona watoto wanaoimba a e i o u vizuri kabisa wakicheza na kupiga makofi, ukiwafunika nne ukabakiza o peke yake hawaijui, mpaka waanze wimbo upya wafike pale. Wimbo wameushika, herufi bado. Kwahiyo kwetu kadi zinachanganywa, kila mara zinakuja kwa mpangilio tofauti, na kabla hata ya kadi tunaanza na mdomo mtupu. Sema kikombe. Piga makofi: ki, ko, mbe. Toa ki, imebaki nini? Kombe! Neno gani lingine linaanza kama maji? Mama, mahindi, madafu. Hii unaifanya kwenye daladala, unaifanya ukipika, haihitaji umeme wala bando, na ndo msingi wenyewe maana mtoto asiesikia kwamba neno limejengwa kwa vipande hawezi kuelewa herufi zinafanya kazi gani.

Kingine ni kusema sauti ya herufi na sio jina lake. Ukimfundisha mtoto kwamba m ni "em" alafu unataka asome ma, anakwambia "ema", na hapo hana kosa. Mwambie mmm, funga midomo, ongeza a. Mmm-a. Sss-a. Zile za kupasuka kama b na t na k huwezi kuzivuta, hizo sema fupi moja kwa moja na irabu, ba, ta, ka.

Alafu yapo maeneo ambayo hata Kiswahili kinamtega mtoto, watu wanasema kinasomwa kama kilivyoandikwa wanaishia hapo. Kuna Katie Alcock na Damaris Ngorosho walioandika 2003 kuhusu makosa ya watoto wanapoandika Kiswahili na hoja yao ni kwamba hata lugha iliyonyooka hivi sio kazi ndogo kwa mtoto, na ukikaa na mtoto wako utaona. Mtu ni silabi mbili, m-tu, ile m inasimama peke yake bila irabu, binti yangu alikuwa anaandika mutu kwa sababu alishaamini kila konsonanti lazima ishikwe mkono na irabu. Nchi hivohivo, nne hivohivo. Kuna irabu zinazofuatana, kaa, choo, ua, oa, au, mtoto anaona herufi mbili anasoma moja, hapo dawa ni kugonga meza mara moja kwa kila irabu, ka, a, gonga gonga. Kuna ng'ombe na ngoma, kile kialama juu kidogo wengi hawakioni. Na kuna l na r kutegemea nyumbani mnaongeaje, mtoto atakuandikia kalamu au karamu kulingana na bibi yake anavyotamka, usimgombeze, mtamkie pole pole mwangalie ulimi.

Tukizoea silabi tunacheza maneno yasiyokuwepo. Namwandikia fumepo, bolidu, tekizo, anasoma anacheka, anauliza baba fumepo ni nini, namwambia hakuna kitu kama hicho, anacheka zaidi. Ila kwenye fumepo hawezi kubahatisha, hakuna picha wala mazoea ya kumsaidia, lazima asome. Uingereza wana jaribio la foniki, yani kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, wanalowapa watoto toka 2012 lenye maneno 40, na 20 kati ya hayo ni ya kubuni kwa sababu hiyohiyo. Siku mtoto anaposoma fumepo bila kusita ndo unajua kusoma kumeingia.

Na Kiswahili nacho kina maneno ya macho, yani yale ya kusomwa papo kwa papo kama ya kwenye karatasi, hilo halisemwi sana. Na, ya, wa, kwa, ni, la, za, hii, huyu. Haya yanarudi kila mstari na yakichelewa kusomwa sentensi nzima inakatika, mtoto akifika mwisho kasahau mwanzo. Tofauti ni kwamba hapa huna haja ya kumwambia kariri, anayaunganisha mwenyewe mara chache mpaka yanakuwa mepesi yenyewe. Mtafiti mmoja wa Marekani, Linnea Ehri, ameeleza hili kwa miaka mingi: neno linakaa kichwani kama la papo kwa papo pale ambapo herufi zake zimefungwa na sauti zake, halikai kama picha. Hii ilinifungua macho mimi, maana nilikuwa naona watu wanazungumzia maneno ya macho na kuunganisha herufi kana kwamba ni njia mbili za kuchagua, kumbe hilo la kwanza linazaliwa na la pili.

Sasa Kiingereza. Herufi za irabu ni hizohizo tano lakini sauti za irabu kwenye Kiingereza cha Uingereza zinafika kama 20. Chukua a peke yake: cat, cake, car, call, was, any, kila moja inasema lingine. Sababu ni kwamba William Caxton alileta uchapaji Uingereza 1476 na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi ya irabu yenyewe bado yanahama, yakaendelea kuhama kwa miaka mia mbili na zaidi, maandishi yakabaki pale. Mtoto haumwambii habari za Caxton bila shaka, ila mzazi ukijua unapata uvumilivu, unaacha kumwona mtoto kama mvivu.

Na kabla ya herufi kuna sikio. Ulimi wetu unazichukua cat, cut na cart unazifanya kitu kimoja, "kati", na ship na sheep zote "shipu". Mtoto asiposikia tofauti hataweza kuiandika, utampa orodha mpaka achoke. Kwahiyo kabla hajaona maandishi tunacheza na picha, kofia na kibanda, hat na hut, nasema moja anaonyesha. Mwanzoni alikuwa anaotea. Kilichosaidia ni mdomo, tunakaa mbele ya kioo. Ile a ya cat iko katikati ya a yetu na e yetu, fungua mdomo kama unasema a alafu vuta pembe za midomo kama unacheka. Ya cut ni kama a yetu ila fupi sana na taya halishuki sana. Ile i ya ship ni fupi, imelegea, inaelekea kwenye e, ya sheep ni i yetu kabisa ukiivuta. E ya bed haina shida, inakaribiana na yetu. Na usizifundishe zinazofanana siku moja, ukianza na a ya cat ifuate o ya hot au i ya sit, ile u ya cut iache mbali mpaka a imekaa, vinginevyo unamchanganya wewe mwenyewe.

Kuna wasiwasi kwamba lugha mbili zitagombana, kwamba e kwa Kiswahili ni e na kwa Kiingereza jina lake ni "ii", na i jina lake ni "ai", mtoto atachanganya. Atachanganya kidogo ndio, na itapita. Sisi kadi za Kiswahili tumeziandika kwa kalamu ya bluu na za Kiingereza kwa kijani, na tunataja kabisa, sasa tunasoma Kiingereza, humu a inasema hivi. Kenya kwenye mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima 2015 walifundisha Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja toka darasa la kwanza, kwa sauti za herufi, na siupingi, mwalimu aliefunzwa na mwenye kitabu kilichopangwa anaweza kubeba vyote viwili. Mimi naongelea mzazi mmoja, meza moja, usingizi unakaribia. Hapo chagua kimoja kianze, na kianze kile ambacho mtoto tayari anakiota usiku.

Turudi kwenye karatasi sasa maana hata hivyo Jumatatu inakuja. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kuipanga upya. Maneno mengi kwenye hizo orodha wala hayahitaji kukaririwa: in, it, on, at, up, and, can, ran, get, big, yanasomeka vizuri kwa sauti fupi alizojifunza, hayo anayaunganisha tu yanaisha. Yanabaki machache ya kweli korofi. Na hata hayo sio korofi yote. Chukua said: s inasema s, d inasema d, kinachosumbua ni ai tu ambayo hapa inasema e. Basi tunapigia mstari mwekundu hapo tu. Was: w iko sawa, a inasema o, s inasema z. Come: c na m sawa, katikati kuna sauti ya cut. Mtoto anaambiwa ukweli, kwamba kwa kanuni zake Saidi ni sawa, ila Waingereza hapa sehemu hii wameandika hivi na wanasema vile, na anakubali, watoto wanakubali mambo wakiheshimiwa. Tunalisema neno, tunanyoosha kidole kwa kila sauti, tunaliandika huku tunalisema, tunalifunika, analiandika tena. Matatu manne kwa wiki yanatosha kabisa, na ya wiki zilizopita yanarudi kila jioni yakichanganyika na mapya.

Na neno lisikae peke yake. The huwezi kumweleza mtoto wetu maana yake, utajaribu utashindwa, mpe the cup, the dog, the big dog, ataizoea kwa kuikuta. Said mpe Mama said no, Bibi said come. Tunaandika sentensi tatu za watu wa humu ndani, anacheka kwa sababu kweli bibi alisema hivo. Ukiishiwa, African Storybook wana hadithi fupi za bure kwenye mtandao, nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zina picha za mazingira yetu, tunasoma ya Kiswahili kwanza mpaka anaijua alafu ileile kwa Kiingereza, maana tayari anayo, macho yanabaki na kazi ya maneno tu. Dakika kumi, kumi na tano, akianza kupiga miayo tunafunga. Nimemuomba pia mwalimu wake badala ya orodha tupu atuletee sentensi mbili tatu zenye hayo maneno, na kwa kweli amekubali, wiki hii zimekuja, kwahiyo ombeni na nyie, walimu wengi wana watoto lukuki darasani na hakuna mzazi aliewahi kuwaambia inakuwaje huku nyumbani.

Kama mtoto wako ana miaka saba na silabi za Kiswahili bado hazijamkaa baada ya kufundishwa vizuri, usimchape na usiongeze tuisheni kabla hujampeleka akapimwe macho na masikio, maana mtoto asiesikia vizuri hawezi kukwambia kwamba hasikii, yeye anajua hivo ndo dunia inavyosikika.

Sisi kwa sasa tumefika kwenye ile e ya mwisho isiyosemwa ila inaifanya irabu ya kati iseme jina lake, cap na cape, kit na kite, hop na hope. Ameipenda sana, kila neno anataka kuliongezea e aone itakuwaje. Ila juzi kakutana na have na give na love, e ipo mwishoni na irabu ya kati haijasema jina lake, akaja mbio baba hii imekosea. Nimemwonyesha kwamba Kiingereza karibu hakina neno la kawaida linaloishia na v, kwahiyo e pale imewekwa kwa ajili ya v na haina habari na irabu ya nyuma yake. Sasa anayatafuta kila kitabu, ameshapata live na five, na hiyo live tumegundua inasomwa namna mbili, kwahiyo leo jioni ndo tunayo hiyo.